Tambarare ya Mtoni Ndiyo Inayochosha

Kila miezi ya joto ya Ulaya inapokaribia, ushauri huwa ni ule ule: fuata mto Danube kwa baiskeli, kutoka Passau, Ujerumani, mpaka Vienna, Austria, njia tambarare, unateremka na mto, kilomita 100 kwa siku si kitu. Ushauri huu unaniudhi, maana anayeumia ni mgeni wa safari ndefu.

Huko kuteremka ni kupi? Kati ya Passau na Vienna mto hushuka chini ya nusu mita kwa kila kilomita. Baiskeli haiuhisi mteremko huo. Mlimani husimama ukipanda na huachia pedeli ukishuka. Damu inarudi makalioni, mikono inahama. Juu ya tuta la mto umekaa mkao mmoja kwa muda wa saa tano. Ndiyo maana mtu hufika kilomita ya 60 pumzi anayo, magoti mazima, lakini kidole cha mwisho na cha pete vimekufa ganzi na mapaja yamechubuka. Ganzi hiyo inatokana na mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani, upande wa kidole kidogo. Glavu nene haziitibu ikiwa siti imeinama mbele na kukusukumia uzito wote mikononi. Ilaze sawa, kwa pimamaji ukiipata. Kila dakika 10 simama juu ya pedeli, hesabu mpaka 15, hata kama bado huumwi. Na kaptula yenye sponji haivaliwi na chupi ndani: mshono wa chupi ndio unaochuna.

Tambarare pia inawashawishi watu kujaza keria. Kilo 20 zote nyuma, kisha spoki inakatika, karibu kila mara ya gurudumu la nyuma upande wa friwili (meno ya nyuma yanayoshika mnyororo), kwa kuwa za upande huo zimekazwa zaidi. Kuibadilisha lazima friwili itoke kwanza, na kifaa chake wachache hukibeba. Hamishia kilo tano au sita mbele, chini, karibu na ekseli.

Haya, nakubali: upepo wa kule mara nyingi hutoka magharibi na kukusukuma mgongoni. Siku ukigeuka, hizo 100 zisahau.

Siku nzuri kuliko zote kwenye njia hiyo ni fupi: Melk mpaka Krems, bonde la Wachau, kilomita 36 hivi. Wengi huimaliza kabla ya saa sita mchana ili wawahi Vienna, na hapo roho inaniuma. Ng'ambo ya kaskazini kuna Weißenkirchen, kuna Dürnstein alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192, na mizabibu imepanda mlima kwa ngazi za mawe. Kusini ni bustani za aprikoti, zinazoiva Julai, na watu ni wachache. Katikati hakuna daraja. Pale mji mdogo wa Spitz unavuka kwa kivuko kisicho na injini: kimeshikwa na kebo iliyotandazwa juu ya mto, nahodha anakigeuza mshazari kidogo, maji yenyewe yanakisukuma. Egemeza baiskeli ukisikilize. Hakingurumi, ni mto tu unaopiga ubavuni. Saa ya kivuko cha mwisho iulize asubuhi ukiwa bado Melk, na mto ukifurika usikitegemee.