Ya Diani, Kabla Hayajatiwa Chumvi

Najua yule jamaa yangu wa Majengo ameshayasambaza kwenye makundi yote ya WhatsApp, hata lile la arusi. Basi nisikilizeni na mimi. Kwanza, sikulia. Maji ya bahari yakiingia machoni, macho hutoka maji. Hiyo ni sayansi.

Tulivuka feri Likoni alfajiri, tukapanda matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk hadi ufuoni. Tulipanga tufike na kwenye Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Hatukufika. Mtajua kwa nini.

Msimu ni wa kusi, upepo hauna mchezo, na watu wanaovutwa na vishada wako juu ya maji wanajiachia. Mimi mtoto wa Mombasa nitazame tu? Nikakodi ubao wa mawimbi. Mwenye ubao akaniuliza kama najua bahari. Nikacheka. Akasema mwezi mpevu, bamvua hili, maji yanatoka, mawimbi ya maana yako kule nje mwambani. Nikamwambia, "Shekhe, nimezaliwa hapa." (Nimezaliwa Kisauni, nyuma ya kinyozi, lakini mwanifahamu.)

Sasa njooni polepole. Wimbi dogo likanipindua. Wallahi lilikuwa dogo. Nikaudaka ubao, nikaukumbatia kifudifudi, nikafumba macho. Nikakaa hivyo, muda wangu. Mara kitu laini kikanigusa kifundo cha mguu. Kikazunguka. Kikabana. Papa, nikajua. Nikapiga shahada, kisha nikaanza wasia kwa sauti: duka la mtaani linisamehe deni, redio apewe jamaa wa Majengo, na mama asiambiwe nilikuwa kifua wazi.

"Hodi," sauti ikasema.

Nikafungua jicho moja. Nikaona miguu. Leso imepandishwa juu, ndoo mkononi, pweza ananing'inia, na kile chuma cha kumchokolea.

"Mwanangu, wafanyani?"

"Nazama, mama."

Akayatazama maji. Akanitazama mimi. Akayatazama maji tena, labda amekosea.

"Simama."

"Siwezi. Kuna papa."

Akainama, akaubandua mwani mguuni pangu, akautupa kando. "Haya, simama."

Nikasimama. Maji hayakufika magotini. Mnaocheka, cheki chini ya kitanda chenu kwanza mnavyoogopa panya. Nyuma yake palikuwa na kijana mdogo ameshika kopo la kaa, akauliza kwa heshima kabisa: "Bibi, hiyo redio ni kubwa?"

Na kusi, kama mjuavyo, latoka baharini laelekea bara. Kila neno lilifika ufuoni likiwa zima, pale jamaa wa Majengo alipokaa na dafu lake.

Mengine hayana maana. Nikarudi kwa miguu, nikakanyaga wale wadudu wa miiba myeusi, nikapakwa utomvu wa papai, nikarudisha ubao, nikachechemea hadi feri. Basi.

Sasa jana magharibi jamaa kaja kwetu na mfuko mtupu, adai redio. Ati wasia ni wasia. Nikangoja mama amfukuze. Mama akamuuliza kama ana mashahidi.

Akasema anao, ufuo mzima.