Mbwa wa Mwaloni naye anaumwa meno

Ukiwaambia watu wa Mwanza kwamba huku Uingereza mbwa anapigishwa mswaki, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mjomba wangu wa Igoma ndiyo kabisa: "Mjomba, mbwa anatafuna mifupa, meno yanajisafisha yenyewe." Na ni yeye huyo huyo siku hizi anamlowekea mbwa wake ugali kwenye mchuzi wa dagaa, kwa sababu ukoko haumpiti tena.

Hebu nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba, pale Mwanza, mkawatazame wale mbwa wazee wanaogombea mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Utamkuta mmoja kainamisha kichwa upande, anatafuna kwa shavu moja, anaangusha, anaokota tena. Msogelee: ile harufu si shombo la sangara tu, fizi nazo zimeoza. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, kumi zaidi yetu. Ukoga ukikaa siku chache unakuwa mgumu, unajipenyeza chini ya ufizi, mfupa unaoshika jino unalika, jino linalegea na kudondoka. Mfupa wa ng'ombe unakwangua ukoga kidogo, sawa, lakini huo huo ndio unaopasua gego kubwa la juu. Na kwa kuwa anaendelea kula, tunasema mzima.

Huku Uingereza nako wasijisifu. Vile vibwa vya sebuleni, meno yamebanana kwenye kataya kadogo, ndivyo vinavyoongoza kwa ugonjwa wa fizi. Kusafishwa ni mpaka nusukaputi, bili inafika mamia ya pauni (mbuzi wangapi hao Nyakato!), na bima nyingi zinakataa kulipa kama hukumpeleka kukaguliwa meno kila mwaka. Kwa hilo sina wivu nao hata kidogo.

Ninachowaonea wivu hakina gharama: mbwa anazoeshwa tangu mdogo kuinuliwa mdomo, na mwenye mbwa anajua ufizi mzima unafananaje. Mswaki laini wa mtoto na maji vinatosha kuanzia. Dawa yetu ya meno msimpe: mbwa hatemi, anameza, na nyingine zina zailitoli, kitia utamu cha badala ya sukari ambacho kwa mbwa ni sumu.

Ila mjomba ana hoja moja siwezi kuipinga, kwamba mbwa wengi wa mtaani kwake hata sindano ya kichaa hawajawahi kuiona. Huyo usimtie kidole mdomoni, hata kama umemlea mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe, meno yatasubiri.