Wanafalsafa wa San Jose hawakuwa wakilinda vibarua vyao

Mwezi Aprili 2013, wahadhiri wa idara ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Jose, California, walimwandikia barua ya wazi Michael Sandel, profesa wa Harvard. Walimweleza kwa nini walikataa kufundishia kozi yake maarufu kuhusu haki, iliyorekodiwa kwa video na kutolewa kwa vyuo vingine kupitia edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Wapo wanaoitaja barua ile hadi leo kama mfano wa wasomi wanaoiogopa teknolojia na kulinda tonge lao. Nadhani wanaosema hivyo hawajaitendea haki.

Upande wa pili una hoja nzito. Vyuo vya umma vya California vilikuwa vimekatiwa bajeti, na wanafunzi walikosa nafasi katika masomo ya lazima. Mwezi Januari mwaka huo huo, gavana wa jimbo hilo, Jerry Brown, alisimama pamoja na uongozi wa chuo hicho cha San Jose kutangaza majaribio ya kozi za Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni, kwa ada ya dola 150 tu kila moja. Mihadhara ya Sandel nayo ni mizuri kwelikweli, na kuifungia Harvard ungekuwa uchoyo. Hata kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kimeonyesha kwamba mwalimu wa Rukwa anaweza kupata shahada bila kuacha kazi wala familia. Anayeipinga elimu ya masafa kwa ujumla wake anawiwa jibu na mwalimu huyo.

Lakini wahadhiri wa San Jose hawakuipinga elimu ya masafa. Walisema idara yao haikuwa na upungufu wa watu wa kufundisha somo hilo, wala tatizo la ufundishaji ambalo kozi hiyo ingelitatua. Na kwamba mhadhara uliorekodiwa, hata uwe mzuri kiasi gani, humpa mwanafunzi kile ambacho kitabu kizuri kingempa, na vitabu walikuwa wakivitumia tayari. Walichokihofia ni kuzaliwa kwa vyuo vya daraja mbili: vya matajiri, ambako mwanafunzi hukutana na profesa wake, na vya wengine, ambako hutazama profesa wa wenzake, huku mhadhiri aliye mbele yake akigeuzwa msaidizi.

Tazama mhadhara wa kwanza wa kozi hiyo. Sandel, katika ukumbi wa Sanders uliojaa wanafunzi, anawataka wajifikirie kuwa madereva wa behewa lililokatika breki: mbele kuna wafanyakazi watano, na kwenye njia ya pembeni yupo mmoja. Je, utakata kona? Mikono inanyooshwa. Mmoja anatoa sababu zake, mwingine anampinga. Kisha Sandel anaubadilisha mfano: sasa umesimama darajani, na njia pekee ya kuwaokoa wale watano ni kumsukuma mtu aliye karibu nawe. Wengi wa wale waliokuwa na uhakika dakika chache zilizopita hawako tayari tena. Falsafa inafanyika pale pale, mtu anapodaiwa sababu ya jambo aliloliamini bila kulichunguza. Mwanafunzi wa San Jose anayetazama kwenye skrini anashuhudia kusita kwa mtu mwingine. Sababu zake mwenyewe, zilizotokana na maisha yaliyo mbali na ya Harvard, hakuna aliyeziuliza.

Watetezi wa mpango huo walikuwa na takwimu waliyoipenda. Katika kozi ya saketi na elektroniki chuoni hapo hapo, ufaulu ulipanda kutoka takriban asilimia 59 hadi 91 baada ya darasa moja kutumia video za edX. Takwimu hiyo inastahili kuheshimiwa, lakini lazima tuulize nini kilichoizaa. Wanafunzi wale walitazama video nyumbani, kisha darasani wakatatua maswali kwa vikundi, mhadhiri na wasaidizi wake wakiwapitia. Video haikumwondoa mwalimu; ilimpunguzia kuhutubia ili apate muda wa kuuliza. Kozi za Udacity, ambazo hazikuwa na darasa hilo, zilileta matokeo mengine: waliofaulu mitihani ya mwisho, kutegemea kozi, hawakuzidi asilimia 44, na mwezi Julai chuo kikausimamisha mpango huo wa Udacity. Matokeo yalipanda katika awamu ya kiangazi, lakini wengi wa waliojiandikisha safari hiyo walikuwa tayari na shahada. Basi asilimia 91 ile, iliyotumiwa kuwabana wanafalsafa, inathibitisha walichokuwa wakikitetea.

Hoja yao moja naiona dhaifu. Walitishwa na wazo la kozi ile ile moja kufundishwa katika idara za falsafa nchi nzima, ilhali vitabu vile vile vimesomwa kila mahali kwa vizazi na watu wameendelea kutofautiana. Sandel mwenyewe, katika majibu yake, alikiri kwamba hofu kuhusu hatima ya idara ni ya haki, na kwamba hakutaka mihadhara yake itumike kuwadhoofisha wenzake. Hayo ni maneno ya kiungwana, ila hayakuwa na nguvu ya kuwazuia wanaopanga bajeti. Chuo kina haki ya kununua kozi ya mtandaoni, ilimradi idara husika iridhie, na mkataba utaje ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi atakaa na mwalimu wa kumuuliza na kumjibu, na nani atazilipia saa hizo.