Msimpe Mtu Mwembamba Bunduki Nyepesi

Wiki iliyopita mama mdogo alifungua kitambaa alichojifunga mkononi, akanionyesha. Kifundo kimevimba, na ngozi ya kati ya kidole gumba na cha shahada imechubuka. Hakuanguka wala hakubanwa na mlango. Alifyatua risasi mbili tu kwa bunduki yake mpya, aliyoinunua kwa sababu anaishi peke yake tangu afiwe na mumewe. Ya tatu hakuithubutu. Aliirudisha kwenye kasha, akafunga kwa ufunguo, na sasa hata kulitazama kasha lenyewe hataki.

Nilipomwomba anionyeshe hiyo bunduki nilishikwa na hasira, na bado haijanitoka. Ni bunduki ya marisau, yaani vipunje vingi vinavyotoka kwa mpigo mmoja, ya aina ya pampu, geji 12 (geji ni kipimo cha tundu la mtutu; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ina mtutu mfupi, haina kitako, nyuma ina kishikio tu mfano wa bastola. Uzito wake kilo 2.4. Aliyemuuzia alimwambia hivi: "Mama, wewe mwembamba, chukua hii ndogo, utaimudu."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara anayeambiwa ni mwanamke, mzee, au kijana asiye na misuli. Mwili mdogo, basi bunduki ndogo. Yanasikika kama busara. Ni ushauri mbaya kuliko wote unaotolewa kuhusu bunduki za marisau, na unaumiza watu walewale unaodai kuwasaidia.

Fikiria mtu anayeruka kutoka chomboni kwenda nchi kavu. Akiruka kutoka mtumbwini, mtumbwi unatupwa nyuma. Akiruka kutoka jahazini, jahazi halina habari. Bunduki ni hivyo hivyo: marisau yakienda mbele, yenyewe lazima irudi nyuma, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi. Hilo ndilo teke. Chukua risasi ya kawaida ya geji 12, ile yenye marisau makubwa 9 ya namba 00 (namba inataja ukubwa wa kila kipunje). Yote kwa pamoja yana uzito wa gramu 31 hivi, na yanatoka kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde. Ifyatue kwa bunduki ya kilo 2.4, halafu kwa ya kilo 3.2. Risasi ni moja, baruti ni moja, lakini nishati ya teke kwenye ile nyepesi inazidi kwa theluthi nzima. Theluthi hiyo ndiyo aliyouziwa mama mdogo kama upendeleo.

Na hapo sijagusa kitako. Kitako kipo ili teke lipokewe na bega, na nyuma ya bega kuna kiwiliwili chote. Ukikiondoa, nguvu ileile inaangukia kifundo cha mkono, kiungo kidogo ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Mtu mzoefu anaweza kuitumia bunduki ya namna ile, sikatai. Anayeanza haimfai, na aliyeinunua aiweke chumbani kwa ajili ya usiku mmoja wa hofu haimfai hata kidogo.

Kuna wanaosema dawa ni geji 20. Tundu la mtutu wake ni milimita 15.6, la geji 12 ni milimita 18.5, kwa hiyo mtu anahitimisha kwamba teke nalo limepungua. Mara nyingine ni kweli. Lakini risasi ya geji 20 yenye marisau 20 ya namba 3 hubeba karibu gramu 30 za marisau, yaani inakaribia sana ile ya geji 12. Halafu bunduki zenyewe za geji 20 hutengenezwa nyepesi, baadhi zikiwa za kilo 2.5 au pungufu. Gramu 30 zikitoka kwenye chombo cha kilo 2.5, bega litajua. Bunduki nzito ya geji 12 yenye risasi iliyopunguzwa nguvu itakuwa mpole kuliko hiyo. Nikubali basi, ingawa kwa shingo upande, kwamba geji 20 yenye uzito wa kilo 3 ni chaguo zuri, na kwa wengi itatosha kabisa. Ila iwe na hizo kilo 3.

Kitu ambacho ningetaka kila muuzaji apime kabla ya kutaja aina yoyote ni urefu wa kitako, kuanzia kwenye kifyatulio hadi katikati ya ncha inayokaa begani. Bunduki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sentimita 35 au 36. Huo ni urefu wa mwindaji mrefu anayesimama upande upande akingoja ndege apite. Mtu mfupi, anayesimama uso kwa uso na mlango wa chumba chake, anahitaji sentimita 32 au 33, wengine hata 31. Kitako kikizidi urefu, mwili unasukumwa nyuma, uzito unahamia visiginoni, na mgongo unapinda kama wa mtu aliyebeba ndoo mbele ya tumbo. Teke likimkuta katika hali hiyo linamyumbisha. Tena kitako hakikai tena kwenye nyama ya kifua, kinateleza hadi kwenye mfupa wa bega, na shavu linagongwa. Watu wanatoka uwanja wa shabaha na michubuko wakiamini wao ni dhaifu, kumbe walipewa kitako cha mtu mwingine.

Kwa pampu hasa, jambo hili linazidi maumivu. Pampu inaendeshwa na mkono wako wa mbele: unavuta kishikio nyuma mpaka mwisho, ganda linatoka, unasukuma mbele mpaka mwisho, risasi mpya inaingia chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa ikisubiri kufyatuliwa. Ukivuta nusu, ganda la zamani halitoki au risasi mpya haipandi, na unabaki umeshika chuma. Kosa hilo humpata hasa mtu aliyeogopeshwa na teke la kwanza, maana mkono unasita. Humpata pia mwenye kitako kirefu, kwa kuwa mkono wake haufiki mbele inavyotakiwa, na kuvuta kunakuwa kwa shida. Kwa hiyo anayekuambia teke ni suala la kuvumilia tu, hajui pampu inafanyaje kazi. Teke kubwa huzaa woga, woga huzaa kukoki nusu, na bunduki iliyokokiwa nusu haimlindi mtu.

Upande wa risasi mambo ni rahisi na watu wanayapuuza. Zipo risasi za geji 12 zilizopunguzwa nguvu, nyingi zikiwa na marisau 8 au 9 ya namba 00, yanayotoka kwa mita 350 hivi kwa sekunde badala ya 400. Hizo mita 50 zinaonekana chache, lakini zinaondoa karibu robo ya teke. Kwa umbali wa chumbani, mita tatu, tano, saba, hupotezi chochote cha maana. Yale magamba (maganda ya risasi) marefu ya milimita 76 na 89, yenye sifa za nguvu za ajabu, waachieni wawindaji wa bata bukini. Gamba la milimita 70 linatosha. Marisau madogo ya ndege ni mazuri kwa mazoezi kwa sababu ni laini begani. Kwa kujilinda siyapendekezi, hayaingii kina cha kutosha.

Kwa majina, kwa kuwa naulizwa kila mara: Remington 870, iliyoanza kutengenezwa 1950, mwili wake ni wa chuma kigumu na uzito wake unakusaidia. Mossberg 500 mwili wake ni wa alumini, hivyo ni nyepesi zaidi, lakini sefti yake, kile kizuizi cha kufyatua, iko juu, nyuma ya mwili, ambapo kidole gumba kinaifikia iwe unatumia kulia au kushoto. Ile Mossberg 590A1 ina mtutu mnene, na hiyo nyongeza ya uzito iko mahali pazuri, mbele, inapozuia mdomo wa mtutu usiruke juu. Zote tatu unaweza kuzibadilishia kitako ukaweka kifupi. Nyuma ya kitako weka mpira mzito na laini. Ni kitu kidogo ambacho hakipaswi kukosekana.

Kuna watakaosema kwa nini nisimpe mama mdogo bunduki inayojijaza yenyewe kwa gesi. Ni kweli, hizo zina teke la upole, kwa sababu sehemu ya nguvu hutumika kuendesha mtambo na msukumo unatandazwa kwa muda mrefu zaidi. Ila baadhi yake hukataa kujijaza ukiweka risasi zilizopunguzwa nguvu, hizo hizo ninazozipendekeza. Pampu haijali risasi ina nguvu kiasi gani, mradi mkono ufike mwisho.

Na tafadhali, tuache hadithi. Kwamba sauti ya kukoki itamkimbiza mwizi: usitegemee uhai wako kwa sauti. Kwamba bunduki ya marisau haihitaji kulenga: kwa umbali wa chumbani, marisau yote huweza kupita kwenye duara dogo kama kiganja. Utakosa mlango mzima usipolenga, na marisau makubwa yanapita ukuta wa mbao au wa jasi na kumkuta aliyelala upande wa pili. Jua nani yuko nyuma ya kila ukuta wa nyumba yako kabla hujanunua chochote.

Jambo jingine ambalo nisingejisamehe nikiliacha. Nyumba isiwe na geji 12 na geji 20 zikichanganya risasi zake. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye geji 12 inateleza, inapita chemba na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akidhani hakuweka kitu, akaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mkononi mwake. Ndiyo maana magamba ya geji 20 hupakwa rangi ya njano. Na bunduki ikae kwenye kasha lenye kufuli, chemba tupu. Sefti ya pampu nyingi huzuia kifyatulio tu, haizuii kitu kingine ndani, kwa hiyo isikudanganye ukaiegemeza nyuma ya mlango ikiwa na risasi chemba. Kama kuna mtoto anayefika hapo nyumbani, hata kwa saa moja, hakuna mjadala.

Jumamosi nilimchukua mama mdogo, mkono umeshapungua uvimbe. Nilimpa 870 yangu ya zamani, kilo 3.2, kitako nimekikata hadi sentimita 32, na kasha la risasi zilizopunguzwa nguvu. Nilimvalisha vizibo vya masikio na juu yake vifuniko, maana nusu ya kinachomtisha mtu ni mlio. Nikamwonyesha kusimama kifua mbele, goti la mbele limekunjwa kidogo. Mkono wa mbele unasukuma kishikio kuelekea shabaha, wa nyuma unavuta kitako begani, na mivutano hiyo miwili inakula sehemu kubwa ya teke kabla halijakufikia.

Alisita muda mrefu. Niliona bega lake limepanda hadi sikioni, likingoja maumivu. Sikumharakisha.

Alifyatua. Akanigeukia, mtutu bado umeelekea shabaha, akasema, "Ndiyo hiyo tu?"

Akakoki, nyuma mpaka mwisho, mbele mpaka mwisho. Alipomaliza ya kumi, aliniuliza kama kwenye kasha zimebaki nyingine.