Pesa ya Kwanza Iende Kwenye Jiriwa

Vijana wa hapa Kigoma wanaotamani kutengeneza injini za mfano hunijia na swali lile lile: "Shikamoo fundi. Mashine ndogo ya kukereza naipata wapi?" Wameshaona kwenye simu mzee wa Uingereza amesimama mbele ya mashine yake ya kukereza ya Myford, chuma kinajiviringisha na kudondoka, na mwisho wa video treni ndogo ya mvuke inazunguka bustani ikiwa imebeba watu wazima. Wanatamani, na nawaelewa. Lakini nawajibu kwamba mashine isubiri. Pesa ya kwanza iende kwenye jiriwa, ile ya kubania chuma mezani, ya pili kwenye venia kalipa ya kupimia, na itakayobaki inunue tupa.

Wengi huondoka wamenuna. Wanadhani nawaambia hivyo kwa kuwa hawana uwezo. Hapana. Hata mwenye hela ningemwambia hivyo hivyo, na ushahidi wangu umeelea ziwani hapa miaka na miaka.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, katika karakana ya Meyer, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen. Iliunganishwa kwanza kwa bolti kuhakikisha kila bamba limekaa mahali pake, kisha ikafumuliwa yote, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kutoka hapo ikaja huku kwa reli, ambayo nayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Meyer walileta mafundi wao watatu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono ya watu waliokuwa hapa ufukweni, wakipiga riveti moja baada ya nyingine mpaka ikashushwa majini mwaka 1915. Meli ya mita 71! Sasa fikiria tundu la bamba moja lisingekutana na tundu la ubavu wa meli. Ungemwambia nani, na Papenburg ni ng'ambo ya bahari, na vita imeshaanza? Vipande vile vilikubali kukaa pamoja kwa sababu kuna mtu alipima kabla ya kutoboa. Mtoto wa Kigoma anayetaka uhandisi hana haja ya kutafuta mfano mwingine mbali.

Nashauri kila mtu aanze na injini ya silinda inayobembea. Haina valvu za kuhangaisha. Silinda yenyewe inacheza huku na huku juu ya ekseli, na ubavu wake wenye tundu moja unasuguana na bamba lenye matundu mawili: moja la kuingizia hewa au mvuke, jingine la kutolea. Silinda ikiinama upande huu, tundu lake linakutana na la kuingizia na pistoni inasukumwa. Ikiinama upande wa pili, inapumua. Kazi yote ni hiyo. Na vifaa viko mjini: kipande cha bomba la shaba kutoka kwa fundi bomba, bamba la shaba ya manjano kwa wauza chuma chakavu, na spoki ya baiskeli kuwa fito ya pistoni. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, imenyooka, chuma chake kigumu, na nchani imeshakatwa thredi. Hapa Kigoma, na Tabora ndiyo usiseme, baiskeli iliyokufa haikosekani.

Wengi hukwamia kwenye yale matundu mawili ya bamba. Lazima yakae kwenye tao moja, na katikati ya tao hilo ni ekseli ambayo silinda inachezea. Pia yaachane kiasi kwamba silinda ikiwa imesimama wima kabisa, tundu lake lisiguse hata moja. Yakikaribiana kwa nusu milimita tu kuliko inavyotakiwa, hewa inaingia na kutokea upande wa pili bila kusukuma chochote. Unapuliza, unasikia sss, gurudumu halitikisiki. Nimeona vijana wakilaumu pistoni, wakalaumu pampu, wakalaumu mafuta. Nikachukua kalipa na kupima umbali kati ya matundu, tukaona tatizo liko palepale lilipoanzia, pale alipogonga panchi, alama ya kuanzia tundu, kwa kukisia. Mashine ya kukereza isingemsaidia hata kidogo. Ingempa silinda nzuri juu ya bamba bovu.

Ndiyo maana kalipa inatangulia. Ile ya kawaida inasoma mpaka 0.05 au 0.02 ya milimita, na haihitaji betri. Mfaransa Pierre Vernier aliieleza mistari yake ya kusomea mwaka 1631, na mpaka leo hakuna aliyepata njia rahisi zaidi ya kusoma sehemu ya milimita kwa macho matupu. Jifunze kuisoma mpaka usifikirie.

Pamoja nayo tafuta skwea ya kupimia pembe mraba, na usiiamini mpaka umeipima. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza skwea, chora mstari kwa ncha kali. Igeuze upande wa pili na uchore tena kuanzia pale pale. Mistari ikilala juu ya mwenzake, skwea ni nzima. Ikiachana, nafasi unayoiona ni kosa la skwea mara mbili. Muuzaji hawezi kukudanganya tena, na wala hukuhitaji chombo kingine cha kuipimia.

Jiriwa iwe nzito, mdomo wa milimita 100 unatosha, na meza iwe ya mninga au mti mwingine mzito, ifungwe ukutani. Kimo chake kiufikishe mdomo wa jiriwa kwenye kiwiko chako ukiwa umesimama. Ikiwa chini zaidi mgongo unauma, ikiwa juu zaidi tupa inayumba na kila kitu unachokwangua kinatoka na tumbo. Tupa inakata ikienda mbele, basi usiikandamize inaporudi. Ipake chaki kabla ya kuanza ili vumbi la chuma lisigande kwenye meno. Ukishamaliza kwa tupa laini, weka msasa mzuri juu ya kipande cha kioo kinene cha dirisha na usugue ule ubavu wa silinda kwa kuzungusha mpaka rangi yake ifanane kote. Kioo ni bapa kuliko meza yoyote uliyonayo nyumbani. Ubavu uliosuguliwa hivyo hauvujishi hewa.

Tena hivi vyote havijali umeme. Kwa miaka mingi mji wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli, na anayekaa Mwanga au Ujiji anajua maana yake. Mashine ikikatikiwa umeme katikati ya kazi unakaa unaitazama. Tupa unaendelea nayo mlangoni kwenye mwanga.

Gurudumu ni kweli linataka kukerezwa. Basi peleka mchoro kwa fundi mwenye mashine kubwa, wapo, na kazi hiyo ni ndogo kwake. Lakini nenda na vipimo vilivyoandikwa: kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu, unene, na wapi unakubali kosa kidogo na wapi hukubali. Fundi anayeletewa karatasi ya namna hiyo anabadilika kabisa, anavua miwani, anavaa, anauliza maswali. Anayeambiwa "nitengenezee kagurudumu ka hivi" kwa kuonyeshwa vidole atatoa kagurudumu ka hivi.

Kuhusu boila sina nafasi ya majadiliano. Usichomelee mtungi nyuma ya nyumba ukauwashia moto wakati wadogo zako wamechutama pembeni. Waingereza, ambao chama chao cha watengenezaji wa injini za mfano cha London kipo tangu 1898, hujaribu boila mpya ya mfano kwa maji ya baridi mpaka mara mbili ya shinikizo litakalotumika, kabla haijaona kiberiti. Maji yakipasua bomba yanamwagika tu, mvuke unachuna ngozi. Kwa injini ya kwanza pampu ya baiskeli inatosha, au muombe fundi matairi hewa kidogo ya kompresa yake, aifungue taratibu. Injini inazunguka vilevile, na furaha ni ile ile.

Kitu kingine ni kutu. Ziwa ni zuri kwa macho lakini unyevu wake unakula chuma. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha Goetzen wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, walizipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walizikuta zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilitembea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa dizeli. Kama grisi ililinda injini miaka yote hiyo ziwani, tone la mafuta kwenye kalipa yako kila jioni si kazi kubwa.

Na hapa ndipo linaponiuma. Kigoma na Tabora ni miji ya reli. Kuna wazee waliostaafu karakana, wengine wameshatangulia mbele ya haki, na chini ya vitanda vyao kuna masanduku ya vyombo ambavyo leo huvipati dukani kwa ubora ule. Nimeshuhudia sanduku la namna hiyo likimwagwa juu ya mizani ya skrepa, mikromita za kupimia unene na skwea zikahesabiwa kwa kilo sawa na nondo zilizopinda. Familia haikujua, na aliyenunua hakujali.

Ukiwa na sanduku la babu nyumbani, lifungue kabla ya kumwita mtu wa skrepa. Tafuta vitu vyenye mistari myembamba iliyochongwa na namba ndogo. Mikromita ikiwa ya inchi usiitupe: inchi ni milimita 25.4, na kila alama ndogo, sehemu moja ya elfu ya inchi, ni milimita 0.0254, hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaimaliza kwa kalamu. Tapu za kukatia thredi zitenge, maana za zamani nyingi ni za Whitworth, kipimo cha Kiingereza, pembe ya thredi yake nyuzi 55, na hazikubaliani na bolti za milimita zenye nyuzi 60. Tupa zilizochakaa nazo ziweke. Chuma chake ni kigumu, ukiinoa vizuri inakuwa kikwangulio. Kisha muite kijana mmoja wa mtaani anayependa ufundi, mkae naye kibarazani mkifuta kutu kwa mafuta ya taa na kitambaa, na mwachie aondoke na skwea.