Si kila sauti chomboni ni amri: RNA zisizojenga protini na saratani

Kilikuwa kichupa cha plastiki chenye fomalini, na ndani yake kipande cha nyama kisichozidi punje mbili za mchele. Jina la shangazi yangu liliandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino. Nilikifunga kwenye leso nikakipakata ndani ya matatu kutoka Malindi hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, kwa sababu hospitali alikokatwa kinyama hicho haikuwa na mtaalamu wa kukisoma. Majibu tuliyangoja wiki tano: saratani ya titi.

Tangu hapo nasoma kila ninachopata kuhusu ugonjwa huu, na kuna jambo linalojirudia: RNA zisizojenga protini. RNA ni nakala ambazo seli hutoa kwenye DNA; nyingine hubeba maagizo ya kujenga protini, hizi hapana. Wapo wanaoamini kuwa ndizo zitakazotugundulia saratani mapema, na hata kuitibu. Wapo wanaosema nyingi ni kelele zilizopewa majina. Mvutano huo unatuhusu watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Katika kila seli mna maandishi ya urithi, DNA, yenye herufi bilioni 3 hivi. Jeni (vifungu vya maandishi hayo) za kujenga protini ni kama 20,000, na herufi zinazogeuzwa kuwa protini hazifiki asilimia 2 ya maandishi yote. Hata hivyo seli hunakili sehemu kubwa ya yaliyobaki kuwa RNA. Za kazi gani? Aliyepanda jahazi Lamu ataelewa jibu la wanaozitetea. Mbao, misumari na tanga ndizo protini. Sauti ya nahodha si mbao wala si msumari, lakini akisema tweka, tanga hupanda. Akisema tua, hushuka. RNA hizi, wanasema, ndizo sauti hiyo: huamua jeni ipi ifanye kazi, kwa kiasi gani, na inyamaze lini.

Ushahidi wao si haba. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walionyesha kuwa katika mnyoo wa milimita moja kuna kijipande cha RNA chenye herufi 22 tu, ambacho huzima jeni kwa kujibandika kwenye ujumbe wake kabla haujawa protini. Vijipande vya aina hii huitwa maikroRNA. Kwa miaka kadhaa lilionekana kuwa jambo la minyoo. Mwaka 2000 kijipande cha pili, let-7, kikapatikana hata kwa binadamu, na mwaka 2024 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kisa kinachonishawishi zaidi ni cha mwaka 2002. Katika aina moja ya saratani ya damu inayokwenda polepole, kipande cha kromosomu (fungu la DNA) ya 13 hupotea mara nyingi. Watafiti walikuwa wameitafuta pale jeni ya protini inayohusika wasiione. Kundi la George Calin na Carlo Croce likakuta kwamba kinachopotea ni maikroRNA mbili, miR-15a na miR-16-1. Baadaye ikajulikana kuwa hizo huizuia BCL2, protini inayoikinga seli isife. Zikiondoka, seli iliyofikia siku yake ya kufa inaendelea kuishi. Hiyo kwangu ni amri iliyokosekana, na sioni namna ya kuiita kelele.

Lakini si kila sauti chomboni ni amri. Mabaharia huimba, hukohoa, huitana. Mwaka 2012 mradi mkubwa wa ENCODE, wa kuchunguza kazi za DNA, ulitangaza kuwa asilimia 80 ya maandishi yetu yana kazi. Mwaka uliofuata mwanabiolojia Dan Graur na wenzake wakajibu kwa ukali kwamba kunakiliwa peke yake si kuwa na kazi. Katika hilo niko upande wa Graur. Tazama RNA ndefu iitwayo MALAT1. Mwaka 2003 ilihusishwa na uvimbe wa mapafu unaosambaa. Mwaka 2012 panya walioondolewa RNA hiyo walikuwa wazima. Mwaka 2016 watafiti walisema kuizima kunapunguza kusambaa kwa saratani ya matiti katika panya, na mwaka 2018 wengine wakasema kinyume, kwamba kuiondoa kunazidisha. Daktari wa Malindi afuate lipi?

Kuna baya zaidi. Jennifer Byrne, mtafiti wa Sydney, ameonyesha kuwa makala nyingi za saratani na jeni, za RNA hizi zikiwemo, zinaandika herufi za jeni au RNA zisizolingana na kile kinachodaiwa kupimwa. Nyingine zina dalili za kutungwa kwa ajili ya kuuzwa. Na kwenye tiba, jaribio la kwanza la kuwapa wagonjwa wa saratani maikroRNA kama dawa, iliyoitwa MRX34, lilisimamishwa mwaka 2016. Uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 3 kati ya 85, na 4 walikufa kwa madhara ya kinga ya mwili. Hao walikuja kutafuta nafuu, na haifai kuwapita haraka.

Sasa nirudi kwenye kichupa. Fomalini huzikatakata RNA ndefu, ila maikroRNA, kwa ufupi wake, huhimili. Kinyama kikishagandishwa ndani ya nta huweza kusomwa hata baada ya miaka. Kwa hiyo kile nilichokipakata kwenye matatu, bila barafu wala friji, kingefaa kwa utafiti huu.

Damu ni habari nyingine. Ni kweli maikroRNA hukaa ndani ya damu, na vipimo vya damu ndivyo vinavyosifiwa zaidi. Lakini chupa ya damu ikitolewa Faza, ikatikiswa botini mpaka Mokowe, kisha ikashinda juani garini, seli nyekundu hupasuka na kumwaga miR-16 na miR-451 tele. Mashine itasoma mawimbi na mashimo ya barabara, na mtu ataambiwa ana saratani. Kipimo kilichothibitishwa Tokyo au Boston hakijathibitishwa hapa.

Wenzangu wengine huuliza: haya yote ya nini, wakati saratani ya mlango wa kizazi hugunduliwa kwa siki? Muuguzi hupaka, husubiri dakika moja, na palipobadilika huwa peupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, nayo hutolewa kwa wasichana nchini Kenya tangu 2019. Nakubali kabisa kwamba shilingi ya kwanza iende huko. Ila titi halina siki, tezi dume haina, umio hauna. Na kwenye kromosomu ya 8 kuna eneo linalohusishwa na saratani ya tezi dume, hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Jeni za protini pale ni chache, lakini RNA ndefu zimo, PCAT1 mojawapo. Wengi wa Waafrika waliopimwa ni Wamarekani weusi, ambao asili yao ni Afrika Magharibi zaidi kuliko kwetu.

Ndiyo maana nasema tusinunue vipimo hivi bado, wala tusikae nje ya utafiti. Hatuanzii patupu: kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome kilichoko Kilifi kilisoma herufi za virusi vya korona mwaka 2020. Kinachotakiwa kwanza ni kuvihifadhi vipande vya nta kwa ridhaa ya wenyewe, kila kimoja na jina, tarehe na historia ya mgonjwa.

Shangazi, alhamdulillahi, yu hai. Mwaka jana nilipiga simu kule kilikosomwa kinyama chake, nikaambiwa hakijulikani kiliko. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Basi mwanangu, hawa binti zangu wakija kuumwa, watalinganishiwa na nini?"