Ngozi, Sufuria na Kikoi

Kwanza kabisa: hakukuwa na mbwa wa polisi. Hata polisi wenyewe hawakuwepo. Yule jamaa yangu wa Surrey, mji jirani na Vancouver, aliyewatumia ile sauti ya dakika sita kuhusu vurugu za usiku ule nyumbani kwangu, hakuwepo pia. Alisimuliwa na shangazi, na shangazi alikuwa anapiga mayowe muda wote, sijui aliona nini. Nawapa ya kwangu leo hii, kabla habari haijafika Tanga kwamba nimechinja mtu.

Mnajua nilivyo na taiko. Mwaka wa tatu sasa hapa Vancouver, nikitoka zamu ya kuoka mikate nabeba bachi zangu, yaani fimbo za kupigia, naenda kupiga ngoma za Kijapani. Nyumbani napika huku mdomo unatamka mapigo, don doko don, maana ndivyo tunavyofundishwa: pigo lianze mdomoni ndipo lishuke mikononi. Shangazi siku aliyofika alidhani navuta uradi. Akafurahi sana. Sikumsahihisha.

Mwaka huu nikajitia wazimu wa kutaka ngoma yangu mwenyewe, niipeleke Powell Street, tamasha la Wajapani wa Kanada hapa Vancouver, mwanzoni mwa Agosti. Tamasha lile lipo tangu 1977, na bibi mmoja wa ghorofa ya pili, Mjapani wa hapa hapa Kanada, ndiye aliyenipeleka huko mara ya kwanza nikapotea moja kwa moja. Sasa Japani mzinga wa ngoma kubwa huchongwa gogo zima la mti, likaachwa likauke miaka na miaka, na bei yake unanunua bodaboda na dereva wake. Huku Amerika Kaskazini wenzetu wa kikundi cha taiko cha Kinnara, walioanza 1969 kwenye hekalu la Kibudha kule Los Angeles, waligeuza mapipa ya mvinyo kuwa ngoma, na sisi makabwela tukafuata. Nikapata pipa langu kutoka bonde la Okanagan, lita 225, bado linanukia.

"Mwanangu, hili pipa la nini?"

"La siki, shangazi."

Msinitazame hivyo. Siki si mvinyo uliokosa bahati?

Ngozi ikafika Alhamisi asubuhi, kavu kama bati. Ngozi ya ngoma huiwambi hivi hivi, sharti uiloweke siku nzima au zaidi mpaka ilegee. Na nyumba yangu ina bafu moja. Nikamwambia shangazi lile sinki refu la kuogea limeziba, fundi anakuja Jumamosi, atumie ndoo. Kwa furaha yake! Tangu aje alikuwa anasema kulala ndani ya maji yako machafu ni tabia ya viboko. Nikavuta pazia. Ngozi ikawa inaelea, nikatafuta kitu kizito cha kuikandamiza, nikaona sufuria jikoni. Ikumbukeni hiyo sufuria.

Julai huku Alfajiri inaingia mapema mno. Saa tisa na nusu usiku shangazi akaamka kutawadha, akakosa kopo. Kopo liko nyuma ya pazia. Taa hakuwasha, yeye amelelewa kwamba umeme ni pesa. Sasa jueni kwamba ngozi ya ng'ombe iliyonyolewa, ikishakunywa maji saa kumi na nane, inavimba, inakuwa nyeupe, ya baridi, inateleza. Ukiwasha taa utaona ngozi. Shangazi alipeleka mkono gizani kutafuta kopo akashika bega la mtu.

Mimi nimelala sebuleni. Nilichosikia ni "MAITI!" Nikaruka. Nikashika bachi mbili za mwaloni nikijua ni mwizi. Nilipofika mlangoni shangazi alishatoka koridoni, anaita majirani kama yuko Chumbageni, Tanga. Mlango haukufunguka hata mmoja. Basi akaona ukutani kidude chekundu chenye mkono. Akakivuta.

Hapo wakatoka wote.

Nitakwenda polepole hapa, maana ndipo jamaa wa Surrey alipopotosha. Watu wa ghorofa nne tuko kando ya barabara, king'ora kinalia, kuna waliobeba watoto na kuna waliobeba paka. Gari la zimamoto limesimama, taa zinatuzungukia usoni. Mimi niko na kikoi. Kikoi tu, na ndani yake bukta ya Coastal Union ya tangu sekondari, ambayo nyuma ina dirisha. Mikononi bado nina bachi. Kwa nini sikuziacha juu? Sijui. Niulizeni swali jingine.

Mkubwa wao akauliza nani kavuta kengele. Umati ukamtazama shangazi. Shangazi akaninyooshea kidole mimi.

"Kaua! Muulizeni huyu, kaua mtu kamficha kwenye sinki!"

"Mama anasemaje?" akauliza mzima moto.

"Anakusalimu."

Shangazi ana maneno kama kumi ya Kiingereza, na kwa mkosi wangu "mtu" na "kufa" yamo. Akayasema yote mawili, kwa sauti, akielekeza dirisha letu. Yule bwana akasogea hatua moja, akanitazama usoni, akazitazama bachi, akaniambia taratibu niziweke chini.

Sasa enyi msiovaa kikoi, elimu ndogo. Kikoi cha mtoto wa pwani hakina mkanda. Kinashikiliwa na tumbo. Na mimi tangu tutoke mlangoni nilikuwa nimebana pumzi, kwa sababu bibi wa ghorofa ya pili alikuwa mbele kabisa, na yeye huwa namheshimu. Nikihema, kikoi kinaondoka. Nikiinama kuweka bachi, kinaondoka. Kwa hiyo nikasimama tu kama mlingoti, pumzi kifuani, macho yamenitoka, mtu mwenye kila dalili ya hatia.

"Kuna nini kwenye sinki?"

Swali linataka jibu, jibu linataka pumzi.

"Ng'ombe," nikasema.

Kikatoka.

Nilikisikia kinateremka. Kiunoni, pajani. Na hapa miaka mitatu ya mazoezi ikafanya kazi bila kuniuliza: miguu ikapanuka, goti la kushoto likakunjika, nikashuka chini, kikoi kikanasa magotini. Mikono nayo ikapanda yenyewe, maana mwili ukishuka hivyo mikono hupanda. Basi picha ndiyo hiyo: saa kumi kasoro usiku, mtu mzima amechuchumaa nusu mbele ya zimamoto, fimbo mbili juu hewani, dirisha la Coastal Union linapunga upepo upande wa wapangaji wa ghorofa ya nne. Hakuna aliyesema kitu. Paka mmoja alilia.

"Ng'ombe mzima?" akauliza mzima moto.

"Upande mmoja."

Aliyeniokoa ni yule bibi. Alijisogeza na koti lake la kulalia, akamwambia ni ngozi ya ngoma, kijana anajenga taiko. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama toka juu hadi chini, akasema: "Mkono wa kulia umeshuka."

Nikaupandisha. Naapa niliupandisha.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Wakapanda juu, wakaona, mmoja akaomba kupiga picha, wakanihubiri kuhusu kengele, na mwenye nyumba kanitumia barua ambayo bado sijaimaliza kuisoma. Pale sebuleni mmoja wao akaligonga pipa, akakunja kidole gumba kuelekea mdomoni, gluu gluu, akacheka. Ishara hiyo haihitaji mkalimani. Shangazi akaniangalia.

"Siki, eeh?"

Kabla sijajibu akaingia bafuni, taa kawasha safari hii, na ndipo nikasikia mayowe ya pili, makubwa kuliko ya maiti. Ni ile sufuria. Sufuria ya pilau aliyoniletea yeye, aliyoipakata mapajani ndege mbili kutoka nyumbani, imekaa juu ya mgongo wa ng'ombe.

Tangu hapo hanisemeshi. Anapika kwenye kikaango.

Leo mchana tumeiwamba ngozi kwenye maegesho nyuma ya jengo. Kamba, vijiti, jeki nne za gari chini zinasukuma pipa juu ili ngozi ivutike. Ikifika hapo inatakiwa mtu mzito apande juu ya ngozi, aikanyage, airukie, inyooke. Mimi nina kilo 58. Nikaruka, ngozi haikujua kama kuna mtu. Shangazi alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti, amenuna, amejifunga khanga mbili. Akatazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili. Akavua kandambili.

"Sogea."

Jamaa wa Surrey, hiyo mbona hukuwatumia watu?